Fundi Futi Aliyevisha Viti vya Ndege Zetu

Tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Fundi Futi atazima cherehani namba mbili katika chumba cha ushonaji cha hanga letu la kutengenezea ndege, na baada ya miaka thelathini na tatu na miezi minne, asubuhi itakayofuata mtu mwingine ndiye atakayeiwasha. Ametimiza miaka sitini. Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi wa stoo kwa sababu, kama alivyosema bosi wetu wa utumishi, mimi ndiye niliyegombana naye kwa muda mrefu kuliko wote. Sikatai. Nimempa uzi, sindano na majora ya vitambaa kwa miaka kumi na tisa, na sikumbuki siku hata moja aliyopokea kitu mkononi mwangu bila kukigeuza upande wa nyuma kwanza.

Kwa wale wa ofisi za mbele, wanaouza tiketi na kuwapokea abiria, huenda jina hili ni geni. Ni yule baba mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba, ambaye futi ya kupimia haitoki shingoni. Ndilo chimbuko la jina lake. Binti yake mkubwa alipoolewa, picha zilipotoka ilionekana baba wa bibi harusi amevaa suti nzuri ya kijivu, tai, ua kifuani, na futi ya njano juu ya yote hayo. Mkewe, mwalimu wa chekechea, mwanamke mpole ambaye hapandishi sauti, inasemekana siku ile aliipandisha.

Alifika kwetu akiwa na miaka ishirini na saba. Wakati huo alikuwa akishona na kaka yake katika kibanda kilicho karibu na uzio wa uwanja, na alikuja getini kuleta ovaroli za mafundi mitambo. Mzee aliyekuwa akiongoza chumba cha ushonaji enzi hizo aliangalia mifuko ya zile ovaroli, akaivuta kwa nguvu zake zote, haikuachia. Wiki mbili baadaye kijana aliitwa kwenye usaili. Wakubwa watatu walikuwa mezani. Mmoja akamuuliza, "Unajua nini kuhusu ndege?"

"Najua zinapita juu ya kibanda chetu, mzee."

Wakacheka. Akaulizwa basi anajua nini kuhusu mshono. Akaomba koti la aliyemuuliza. Akaligeuza, akaonyesha chini ya kwapa la kushoto nyuzi nne zilizokatika, akasema, "Hili limebakiza wiki tatu, mzee. Ukiinua mkono kwa haraka, wiki mbili." Alipewa kazi siku hiyohiyo, na koti alilitengeneza kabla hajatoka chumbani.

Abiria anapoingia kwenye ndege huangalia dirisha, huangalia wahudumu, huangalia mahali pa kuweka mkoba. Kiti hukikalia tu. Hajui kwamba kava la kiti kimoja lina vipande kumi na vinne, kwamba uzi wake si uzi wa sokoni, na kwamba kitambaa chake lazima kije na karatasi inayothibitisha kwamba kimechomwa kwenye maabara na kikakataa kuwaka. Karatasi hiyo sisi tunaiita cheti cha moto. Mtu akae mahali palipobana, juu angani, hana pa kukimbilia. Chini yake kuwe na kitu kinachoweza kushika moto? Ndiyo maana kazi ya Fundi Futi, ingawa inafanana na ya kaka yake pale kibandani, ina wakaguzi wengi kuliko harusi ya kifalme.

Vitu alivyovikuta kwenye viti vingejaza kabati. Pete, funguo, kadi za mapenzi ambazo hakuzisoma zaidi ya mstari wa kwanza (anasema yeye). Mwaka mmoja alikuta meno ya bandia yamedumbukia kati ya mto na mgongo wa kiti. Alifuatilia namba ya kiti na orodha ya safari kwa siku tatu hadi akampata mwenyewe, bibi mmoja aliyekuja kuyachukua akiwa amefunika mdomo kwa mtandio. "Mwanangu," alimwambia, "nimekunywa supu wiki nzima, na wajukuu wananiiga ninavyoongea." Fundi alikuwa ameyaosha na kuyashonea kimfuko chenye zipu. Bibi yule alimpigia simu ya salamu kila mwaka mpya hadi alipofariki.

Safari yake ndefu ya kwanza ilikuwa pale kampuni inayotengeneza viti ilipowaalika washonaji wa mashirika mbalimbali kiwandani kwake kwa mafunzo. Sindano zake zilichukuliwa kwenye ukaguzi, jambo ambalo mpaka leo analilalamikia. Njia nzima hakula wala hakutazama filamu. Alikuwa akipapasa pindo za viti. Mwishowe mama aliyekuwa kando yake alimwita mhudumu: "Dada, huyu baba ananipapasia kiti." Fundi akajitetea, "Samahani mama, mshono wako umeachia nyuzi tatu, nilikuwa nahesabu tu." Mhudumu ilibidi aende jikoni kwanza, akacheka huko, ndipo akarudi kuwapatanisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu. Nimemwomba ruhusa nilieleze lote. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisema, "Ni habari yako, mdogo wangu. Utaamua mwenyewe."

Ilikuwa miaka kumi na minne iliyopita. Shirika letu lilikuwa linabadilisha rangi. Nembo mpya, mikia mipya, na ndani ya ndege viti vilikuwa vitoke kwenye bluu viende kwenye kijani. Wageni walikuwa wameshaalikwa kwa sherehe ya kuzindua ndege ya kwanza, na tangazo lilikuwa magazetini. Kiwanda tulichozoea kikachelewesha kitambaa. Kitengo cha manunuzi kikapata wakala mwingine mwenye kijani kilekile, na Ijumaa moja mchana lori likashusha majora tisa mlangoni kwangu.

Kazi yangu ilikuwa ndogo na iko wazi. Namba iliyoandikwa kwenye cheti cha moto ilingane na namba iliyopigwa muhuri kwenye kila jora. Dereva wa lori alikuwa amewasha injini. Meneja wa karakana alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama mzigo umefika. Nikaona karatasi ipo, nikaona muhuri upo, nikatia sahihi. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na msiba. Nilikuwa na haraka tu.

Jumatatu Fundi Futi alikata kipande cha kwanza, akasimamisha mkasi katikati. Alisema kitambaa kinateleza mno. Akakipitishia pasi, akanusa. Kisha akakata ukanda mwembamba, akakata mwingine wa bluu ya zamani, akachukua koleo na kiberiti, akatoka kwenda kwenye kibanda cha wavuta sigara nje ya hanga, mahali pekee tulipoweza kuwasha moto. Watu wakashangaa maana yeye sigara hajawahi kuigusa. Ukanda wa bluu uliposhika moto aliuondolea kiberiti, ukawa mweusi, ukazimika palepale. Ukanda wa kijani aliuondolea kiberiti, ukaendelea. Uliwaka hadi kwenye koleo, ukidondosha matone ya moto kwenye saruji.

Alikuja stoo akaomba cheti. Alikisoma taratibu, akalisogelea jora lililokuwa karibu, akainama akaangalia muhuri. Akanirudishia karatasi. Alirudi chumbani akawaomba washonaji wenzake wanne wazime mashine.

Meneja alifika kabla hata sauti ya mashine ya mwisho haijatulia. Alikuwa mtu mwema, naomba niliweke hili wazi, lakini wiki ile alikuwa anasukumwa kutoka juu.

"Fundi, zimebaki siku kumi na nane. Kuna nini?"

"Kitambaa kinawaka, bosi. Siwezi kumkalisha mtoto wa mtu juu yake."

"Cheti kipo. Wewe ni fundi cherehani, si mkaguzi."

"Ndiyo bosi. Ndiyo maana sikagui. Sishoni tu."

Mchana huohuo alihamishwa. Alipelekwa upande wa mizigo, nje, akashone mapazia ya plastiki ya matoroli, yale yanayozuia mvua isiloweshe mabegi. Wenzake waliambiwa waendelee. Wawili waliendelea, na siwalaumu, mmoja alikuwa na mwezi mmoja tu tangu athibitishwe kazini. Kabla hajaondoka, Fundi aliandika barua ya mistari mitano kwa ofisi ya ubora, akaweka ndani ya bahasha kipande cha kitambaa cha kijani na kingine cha bluu. Kwa utaratibu wetu, barua ya namna hiyo lazima ijibiwe kwa kipimo cha maabara. Maabara ilikuwa mbali. Tukaambiwa majibu ni siku kumi.

Siku zile nilizihesabu moja moja. Cheti kilikuwa kwenye droo yangu, na kila nilipoifungua kutafuta kalamu kilinitazama. Nilikuwa nimeshalinganisha namba kwa siri. Hazikulingana hata kidogo. Karatasi ilikuwa ya kitambaa kingine kabisa. Mtu mwingine alikuwa anakula jua kwa ajili ya sahihi yangu, na mimi nilikuwa kivulini nagawa vifungo.

Siku ya saba nilimfuata kwenye matoroli wakati wa mapumziko. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shati limemganda mgongoni, anashona kwa mkono kwa sababu huko hakukuwa na mashine. Nikamwambia, "Kaka, ile karatasi ni kosa langu. Namba sikuziangalia."

"Najua. Niliziona siku ile."

"Mbona hukusema?"

"Barua yangu ilihusu kitambaa. Sahihi ni yako, uiseme mwenyewe." Akavuta uzi, akaufunga fundo. "Unataka kwenda lini?"

"Nikienda watanifukuza kaka. Nina watoto wawili."

Hakuniambia kwamba hawatanifukuza. Mtu mwingine angesema hivyo ili nitulie. Yeye alisema, "Huenda wakakufukuza. Nenda kesho saa sita, mimi nakuwa na mapumziko saa hiyo. Nitakaa nje ya mlango."

Na alikuja. Amenawa mikono, amevaa shati safi aliloliomba kwa mtu wa kufulia ovaroli. Alikaa kwenye benchi la korido ya ofisi ya ubora, futi shingoni, mikono magotini, kama mzazi anayesubiri matokeo ya mtoto. Nilikaa ndani dakika hamsini. Nilieleza lori, nikaeleza simu, nikaeleza Ijumaa. Kila nilipoulizwa kwa nini, nilijibu "nilikuwa na haraka". Nilipotoka nilikuwa nimelia hadi kamasi.

Aliniuliza swali moja. "Umesema yote?"

"Yote."

"Haya, twende tukale. Imebaki robo saa."

Maelezo yangu yalitosha kusimamisha kazi bila kusubiri maabara, kwa maana kitambaa kisicho na cheti chake hakiruhusiwi kukaa hata kwenye rafu. Siku ileile makava thelathini na moja yaliyokuwa yameshavishwa kwenye ndege ya uzinduzi yalivuliwa. Ndege ile ilikuwa imepangiwa safari ya majaribio asubuhi iliyofuata, na ndani yake wangekuwemo mafundi wetu ishirini na wawili, mmoja wao akiwa mdogo wake Fundi Futi. Hilo sikulijua mimi. Yeye alilijua muda wote akiwa juu ya ile ndoo, na hakulitumia kunishinikiza.

Majibu ya maabara yalikuja siku mbili baadaye. Kitambaa kiliungua kikapita alama ya mwisho ya kipimo.

Meneja alikwenda mwenyewe kule kwenye matoroli. Tulichungulia kupitia mlango wa hanga, sote, bila aibu. Hatukusikia walichosema, lakini tuliona meneja akivua kofia, tukaona Fundi akimpa mkono, kisha wote wawili wakarudi wamebeba sanduku zito la vifaa vya Fundi, huku meneja ameshika upande mmoja. Meneja yule alistaafu zamani, na ametuahidi kuhudhuria hafla hii ya kumuaga Fundi. Nilimpigia simu kumwomba ruhusa ya kuandika haya. Alisema, "Andika. Tena usinipunguzie."

Siku ya sherehe ndege ilitoka nje imepakwa rangi mpya inang'aa, na ndani ina viti vya bluu vilivyofuliwa na kupigwa pasi. Wageni walipiga picha, wakakaa, wakasifia. Mmoja wao alisema bluu inaendana sana na kijani cha nje, akauliza nani amebuni. Sote tukamtazama Fundi Futi, naye akatazama viatu vyake.

Mimi nilipewa onyo la maandishi na kuondolewa kwenye mapokezi ya mizigo kwa miezi mitatu. Niliporudi, utaratibu ulikuwa umebadilika: hakuna jora linaloingia stoo bila kukatwa ukanda na kuchomwa, na anayechoma ni mtunza stoo mwenyewe. Wazo lilitoka kwa Fundi. Wengine walidhani ni adhabu ya pili. Mimi niliona ameniamini tena mbele ya watu, na sijakosa hata jora moja tangu siku hiyo.

Yapo mengine ya kumsifia ambayo yana karatasi na muhuri. Ndege ya kukodi, kwa wasiojua, hurudishwa kwa mwenyewe ikiwa katika hali ileile iliyokuwa nayo ilipochukuliwa, na mwenyewe hutuma mtu wa kuikagua hadi kwenye misumari. Tulipoirudisha ile ndege kubwa ya kwanza, mkaguzi wao alitembea na tochi siku nne, akaandika kasoro kurasa kumi na moja. Kwenye ukurasa wa viti aliandika jina la chumba chetu na neno "hakuna". Ukurasa huo umetiwa fremu, uko ukutani juu ya meza ya kukatia.

Na ule mwaka ndege zote zilipolala chini kwa miezi, hakuna abiria, hakuna kiti kinachochakaa, chumba cha ushonaji kiliambiwa kibaki na watu wawili. Fundi alikwenda kwa utumishi akaomba afanye nusu siku, ili mshonaji mmoja aliyekuwa ametoka kujifungua afanye nusu nyingine. Pamoja walishona vifuniko vyekundu vya kuziba injini ili ndege wa angani wasijenge viota humo. Mtoto yule sasa anasoma shule ya msingi, na humwita Fundi "babu wa nusu siku", maana ndivyo mama yake alivyomsimulia.

Si malaika, tusidanganyane. Ni mbishi. Redio yake ina stesheni moja tu. Akiazima mkasi wako anaurudisha mkali kuliko ulivyokuwa, kisha anakulaumu mwezi mzima kwa jinsi ulivyokuwa butu. Washonaji wanne aliowafundisha, ambao sasa ndio viongozi wa chumba kile, wanasema alikuwa akifumua kazi nzima kwa ajili ya mshono mmoja uliopinda, na kwamba walimchukia hadi siku walipojikuta wanafanya vilevile.

Nimemuuliza atafanya nini baada ya hapa. Anasema mkewe ana orodha, na kitu cha kwanza ni mapazia ya sebuleni aliyoahidi miaka kumi na moja iliyopita. Baada ya hapo atakwenda kukaa na kaka yake, ambaye macho yamemchoka, ili amtungie uzi kwenye sindano asubuhi na wapige soga mchana. Wajukuu ni watano na wote, anasema, nguo zao zimeshonwa vibaya na viwanda.

Fundi, naomba haya ya mwisho nikuambie wewe mwenyewe. Tulijaribu, mimi na kijana wa kompyuta, kukadiria ni watu wangapi wamekaa kwenye kazi ya mikono yako. Tulipofika mamilioni tukaacha. Wamelala hapo, wamenyonyesha hapo, wamelia wakienda mazikoni na kucheka wakienda harusini, wameshuka na mabegi yao bila kugeuka nyuma, na ndivyo ulivyotaka iwe. Kwa niaba ya wote waliokaa salama bila kukufahamu, na kwa niaba yetu sisi tuliobahatika kukufahamu, asante sana kaka yangu. Mungu akupe afya, macho mazuri na siku ndefu nyumbani kwako.